Boksi la vitabu, bango la ukutani au katuni ya simu? Ulinganisho kwa walezi wa klabu za vijana Mtwara na Lindi

Mwalimu mmoja wa Nanyamba alinipigia jioni, sauti ni ya mtu mwenye hela kidogo na mipango mingi. Klabu ya shule yake imepata shilingi 60,000. Anataka kuwafundisha vijana wa kidato cha pili jinsi nchi zinavyoshirikiana katika mambo ya teknolojia, na ameshaamua kutumia katuni. "Kaka, hapo ndipo nilipokwama," akasema. "Nitafute vitabu vya katuni vilivyochapwa, niwape karatasi wachore wenyewe, au niwarushie kwenye simu tu yaishe?"

Nikaanza kumjibu, salio lake likakata nikiwa bado kwenye vitabu. Kwa hiyo jibu lote ni hili, lake na la mlezi mwingine yeyote wa klabu huku kwetu mwenye swali kama hilo. Nimezitumia njia zote tatu, Mtwara mjini, Mikindani na mara moja Lindi, na kila moja imewahi kunitia aibu kwa namna yake.

Kabla ya chombo, kisa

Andika "ushirikiano wa kimataifa" ubaoni na maneno yatabaki hukohuko ubaoni. Mwanafunzi anaona suti, bendera na watu wanaopeana mikono kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Sisi wa kusini hatuna haja ya kuanzia huko. Ukiwa pande za Kilambo au Msimbati, karibu na mto Ruvuma, simu iliyoachiwa ijirekebishe saa yenyewe inaweza kudaka mnara wa Msumbiji, na ghafla saa nne asubuhi inakuwa saa tatu. Simu haijaharibika. Msumbiji wako saa mbili mbele ya Greenwich, sisi tatu, na mnara ndio unaoiambia simu iko nchi gani. Namba yako inaanza na 255 na ya binamu yako wa ng'ambo ya mto inaanza na 258 kwa sababu nchi zote zimekubali pawepo mahali pamoja pa kugawia namba hizo: ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano. Lilianzia Paris mwaka 1865, nchi 20 zilipochoka kuona telegramu inasimamishwa mpakani, inanakiliwa kwa mkono, kisha inaanza safari upya.

Hapo katuni imeshajichora. Kijana anakosa mnada wa korosho kwa sababu simu yake imehamia Msumbiji usiku. Kwenda kushuhudia mpakani siishauri. Tangu mapigano ya Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji la ng'ambo ya mto, yaanze, ule si mpaka wa kutembeza wanafunzi. Karatasi itawafikisha bila basi.

Visa vingine nilivyovitumia kupimia njia hizi tatu ni kimbunga Kenneth cha 2019, mikongo ya baharini (nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya maji) iliyokatika 2024, panya wa mabomu na mjusi, yaani dinosaria, wa Tendaguru. Nitavirudia huku na huku.

Vitabu vilivyochapwa tayari

Vina sifa yake, tusivionee. Kwa kuonyesha kitu kilivyo kwa ndani, mchoro uliochapwa vizuri kwa rangi hauna mpinzani. Wanafunzi wangu wengi waliamini kwamba intaneti yote inashuka kutoka setilaiti. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu, mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga. Tarehe 12 Mei intaneti ikazorota nchi nzima. Mtaani watu wakaunganisha: kimbunga kimeng'oa mitambo! Kumbe mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, mbali kabisa na alikopita Hidaya. Picha moja ya mkongo uliokatwa kama muwa, nyuzi za kioo nyembamba kama unywele zikiwa katikati, zimezungukwa na shaba, nyaya za chuma na plastiki, inamaliza ubishi wa wiki nzima. Mwanafunzi wa kidato cha pili hawezi kuuchora hivyo kwa kubahatisha, na mimi pia siwezi.

Vingine ni vya bure. WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki za ubunifu lenye makao yake Geneva, limetoa vijitabu vya katuni kuhusu hakimiliki, alama za biashara na hataza (haki za uvumbuzi), na mtu anaweza kuvishusha mtandaoni. Kwa mlezi mwenye darasa la watoto mia na siku moja tu ya kufundisha, hakuna kinachokaribia kitabu kilicho tayari.

Sasa aibu yake. Shirika moja liliwahi kunipa boksi la vitabu vya katuni kuhusu teknolojia, nia yao njema kabisa. Kiingereza kitupu. Mhusika anapanda lifti kwenda kazini. Kila kiputo cha maneno kimejazwa kama barua ya kuomba mkopo. Ukurasa wa mwisho wote ni nembo za wafadhili. Vijana waliangalia picha siku mbili, siku ya tatu nikakuta kurasa zimekuwa majalada ya madaftari. Tena yalipendeza.

Lakini tatizo lililonisumbua zaidi si Kiingereza, maana Kiingereza kinatafsirika. Ni kwamba katuni ya kununua hupenda shujaa mmoja. Mwaka 1996 kampuni ya DC Comics, UNICEF na serikali ya Marekani walitoa katuni ya Superman kwa watoto wa Bosnia, kuwaonya wasiguse mabomu yaliyotegwa ardhini. Ilichapwa kwa herufi za Kilatini na za Kisirili ili kila upande usome. Mwaka 1998 ikafuata nyingine kwa Kihispania kwa ajili ya Amerika ya Kati, safari hii Wonder Woman akiwemo. Kazi hiyo naiheshimu. Watoto walihitaji kuonywa, na sura ile kila mtoto aliijua. Ila mtoto anayesoma anajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja: usiguse bomu, na kuna mtu anayeruka atakayekuja kukuokoa. Jambo la pili halipo.

Weka kando ya hiyo kisa cha jirani zetu. Septemba 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imemaliza kuondoa mabomu ya ardhini yaliyojulikana. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo walikuwa panya buku waliofundishwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na shirika la APOPO lililoasisiwa na Wabelgiji mwaka 1997. Panya ni mwepesi, bomu halilipuki akilikanyaga, na pua yake hunusa baruti bila kujali misumari na vizibo vya soda vilivyozikwa. APOPO wanasema eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi panya hulimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye mashine ya kutambua chuma anaweza kuchukua hadi siku nne. Panya mmoja wao, Magawa, alifundishwa hapa Tanzania, akafanya kazi Kambodia akigundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, akapewa medali ya dhahabu na taasisi ya Uingereza ya PDSA mwaka 2020, akafa Januari 2022.

Shujaa ni nani hapo? Ukisema panya, yupo mkufunzi wa Morogoro aliyemlisha ndizi kila aliponusa sawasawa. Yupo Mkambodia aliyeshika kamba. Yupo Mbelgiji mwenye wazo na walipa kodi wa nchi kadhaa ambao hawatauona uwanja ule maisha yao yote. Huko ndiko kushirikiana kwenyewe, na katuni ya shujaa mmoja haina pa kuwaweka watu wote hao. (Nilipotaja panya buku darasani nilipoteza dakika tano nzima za kipindi. Huku kwetu mnyama huyo anafahamika zaidi kwa mapishi, na kijana mmoja akataka kujua kama medali inaliwa.)

Bango la picha nne

Njia ya pili ni vijana kuchora wenyewe bango la ukutani. Utaratibu huu umeenezwa na wachoraji wa Finland na India kupitia mtandao wa World Comics, na Wafini si wageni huku: mradi wao wa RIPS ulifanya kazi Mtwara na Lindi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2005, wazee wengi wa vijijini wanaukumbuka kwa jina hilohilo. Unachukua karatasi mbili za A4, unaziunganisha, unagawa visanduku vinne. Cha kwanza kinatuonyesha mtu na shida yake, cha pili shida inakua, cha tatu mambo yanageuka, cha nne tunaona yalipoishia. Unatoa kopi, unagundisha, unabandika mahali watu wanaposimama bila haraka: stendi, feri wanakouzia samaki, nje ya kinyozi. Mwombe ruhusa mwenyekiti wa mtaa kwanza. Karatasi ngeni ukutani huanzisha maswali.

Siku ya kwanza niliwapa kisa cha kimbunga Kenneth. Makundi saba. Makundi sita yakachora waheshimiwa wawili wanapeana mikono mbele ya bendera. Kundi la saba likachora waheshimiwa watatu.

Siku ya pili nikapiga marufuku bendera, tai na mikono inayoshikana. Kukawa kimya, mtu anatafuna penseli. Ndipo tukaanza kuulizana habari ya Kenneth ilifikaje Mtwara. Aprili 2019, wiki sita hivi baada ya kimbunga Idai kupiga mji wa Beira, Msumbiji. Setilaiti za hali ya hewa zilizosimama juu ya ikweta, kilomita 36,000 kutoka ardhini, zinapiga picha wingu. Kituo cha kisiwa cha Réunion, kilicho chini ya Ufaransa, ndicho kilichopewa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani zamu ya kufuatilia vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi. Jina la kimbunga hutolewa na Madagaska au Morisi, kutegemea kilipo baharini. Taarifa inafika kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa yetu, inateremka mkoani, inafika kwa mwenyekiti wa mtaa mwenye kipaza sauti cha betri. Hapo vijana wakaamka, kwa sababu kipaza sauti wanakikumbuka. Shule zilifungwa. Watu wa pwani waliambiwa wahame.

Binti mmoja, ambaye darasani hanyooshi mkono, akachora hivi. Picha ya kwanza: mtu wa Réunion usiku, kikombe cha kahawa, macho mekundu, kwenye kioo cha kompyuta jicho la kimbunga linamtazama. Ya pili: simu inalia mezani pa mtu wa hali ya hewa Dar es Salaam. Ya tatu: mwenyekiti na kipaza sauti, na bibi aliyekumbatia mbuzi akisema haendi popote. Ya nne ndiyo iliyotuchukua jioni nzima, kwa maana Kenneth hakutua Mtwara. Tarehe 25 Aprili aliingia Cabo Delgado akiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Wenzake walitaka picha ya bibi akishukuru serikali. Yeye akakataa. Akamchora bibi amerudi nyumbani na mbuzi wake, anacheka: "Kimbunga chenu kiko wapi?" Nyuma yake, ng'ambo ya mto, mbingu nyeusi na minazi imelala chini.

Kitabu cha boksi hakiwezi kutoa picha hiyo ya nne, kwa kuwa mchoraji wa mbali hajui kwamba siku mbili baadaye huku tulicheka kweli, na hajui kicheko kile kilivyokatika picha za Pemba, ile ya Msumbiji, zilipoanza kuingia. Kuchora kunamlazimisha kijana kuamua: nani anaonekana, nani anasema, nani yuko nje ya fremu. Maswali hayo matatu ndiyo maswali ya ushirikiano wowote kati ya nchi na nchi.

Lindi nilijaribu kisa kigumu zaidi, mjusi wa Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima hicho, umbali wa siku kadhaa kwa mguu kutoka bandari ya Lindi, muda mfupi tu baada ya vita vya Maji Maji. Takriban tani 250 za mifupa na mawe yake zilisafirishwa. Zilitoka porini juu ya vichwa vya watu. Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, alikuwa mtu wa huku, na ujuzi wake wa kutoa mfupa kwenye udongo bila kuuvunja uliwashangaza wataalamu. Leo mjusi mmoja amesimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13.

Nikawauliza: huu ni ushirikiano wa kimataifa? Sayansi ipo, mataifa mawili yapo, teknolojia ipo. Walibishana mpaka mlinzi wa shule akaja kuangalia kuna nini. Bango lililotoka lilikuwa na mbebaji kwenye picha zote nne: anachimba, anabeba, anakabidhi melini, na kwenye picha ya nne kivuli chake kimelala sakafuni Berlin chini ya mjusi. Tulilibandika karibu na soko. Baada ya wiki nilikuta mtu amechora kwa mkaa kiputo kinachotoka kwenye kile kivuli: "Na mimi nitalipwa lini?" Sikukifuta.

Upande mwingine wa bango ni makosa. Katika bango jingine la Kenneth kijana alinakili wingu kutoka picha ya kimbunga cha Marekani, na mimi mwalimu wa jiografia sikuona mpaka kopi ziko ukutani: kimbunga kile kilikuwa kinazunguka kinyume cha mishale ya saa. Vya kusini mwa ikweta huzunguka kufuata mishale ya saa. Mvuvi mmoja hakujali, lakini mwalimu mwenzangu alinikumbusha mbele ya watu. Tangu siku hiyo kila bango linapita kwa mtu mmoja wa somo husika kabla ya kopi. Na lina mambo madogo ya kiufundi yanayokera: mashine ya kopi hula pembeni kama sentimita moja, kwa hiyo acha ukingo mpana, penseli haitokei, pita juu yake kwa kalamu nyeusi, kivuli cha kijivu hutoka madoa, tumia mistari. Kiputo kikizidi maneno 15 hakuna atakayekisoma amesimama.

Kando kidogo kuhusu uchoraji, kwa kuwa nitaulizwa. Vijana wote huanza kwa macho makubwa ya katuni za Kijapani wanazoziona kwenye televisheni. Sikatazi. Huwa nawaletea tu picha za kazi za George Lilanga, Mmakonde wa huku aliyefariki 2005, zile sura zenye masikio kama vipepeo, midomo mipana na vidole vichache. Wakishaona kwamba mtu anaweza kuchorwa vibaya kwa makusudi na dunia ikanunua, mikono inalegea.

Katuni ya simu

Hii nitaipitia upesi, isipokuwa hatari yake moja.

Shuleni simu ni marufuku kwa wanafunzi, kwa hiyo kwa klabu ya Nanyamba mjadala ungeishia hapo. Inafaa kwa waliomaliza au kuacha shule: bodaboda, mafundi, wanaosubiri msimu wa korosho. Wana simu janja, wana bando la siku, na wanajibu. Nilipowarushia bodaboda wa stendi katuni ya saa ya Msumbiji, nilirudishiwa jumbe za sauti za kunisahihisha, mmoja akieleza ni kwenye kisima gani hasa mnara unabadilika. Ukutani hupati majibu kwa kasi hiyo. Picha ikipita WhatsApp hubanwa, herufi ndogo hugeuka ukungu, basi andika kubwa. Ya kwenye status inafutika baada ya saa 24.

Hatari ni hii. Nilituma katuni ya Kenneth ikiwa picha nne zilizotengana, nikidhani zitasomeka vizuri zaidi hivyo. Kesho yake picha ya tatu, mwenyekiti na kipaza sauti akisema "Hameni sasa!", ilinirudia kutoka kundi la familia, peke yake, na chini yake mtu ameandika "Tumeni kwa wengine". Shangazi yangu alikuwa ameshaanza kufunga godoro. Niliutumia usiku ule kupiga simu na kuomba radhi. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo haina mzaha na taarifa za uongo, na huwezi kumweleza afisa kwamba ilikuwa kisanduku cha tatu cha katuni. Kama unatumia simu, visanduku vyote vinne viwe picha moja isiyotenganishika, na tarehe ya tukio iandikwe ndani ya kila kisanduku.

Kuhusu akili mnemba ya kuchora: nimeijaribu. Inachora upesi na inapendeza. Lakini bibi wa picha ya kwanza si bibi wa picha ya pili, ngalawa inatoka na tanga la mashua ya Ulaya, na maneno ya Kiswahili yanatoka kama mtu anayeota. Zaidi ya hayo, inakuchorea ulichosema, na inapenda sana watu wanaopeana mikono. Naitumia kutafuta mfano wa mnara au meli, basi.

Ukiziweka mezani pamoja

Kwa hela, bango ndilo rahisi. Kopi moja ya A4 kwenye duka la kopi ninakokwenda ni shilingi 100. Bango lina karatasi mbili, hivyo mabango 20 ni shilingi 4,000 na gundi juu yake. Vitabu vya rangi huwezi kuvichapa hapa kwa bei hiyo hata nusu yake. Utapewa au utakosa. Simu inaonekana bure kwa anayetuma, bando linakatwa kwa anayepokea.

Kwa muda, mpangilio unageuka. Kitabu ni kipindi kimoja. Bango linahitaji jioni mbili au tatu, na ukipanga Oktoba au Novemba nusu ya kundi iko mashambani kwenye korosho. Mvua zikianza karatasi ya ukutani haimalizi wiki, labda uipate baraza.

Kwa usahihi wa kitu, kitabu. Kwa kuona watu wanavyosukumana, kulipana, kudaiana na hatimaye kufanya kazi pamoja, bango, tena kwa mbali. Kwa kumfikia asiyekuja shuleni, simu. Umri nao una neno lake: chini ya darasa la tano nisingewapa kisa cha Tendaguru wachore peke yao, ningewasomea kitabu.

Kwa hiyo, mwalimu wa Nanyamba, hela yako ningeigawa hivi. Chapa kurasa mbili tatu tu za rangi za michoro ya kweli: mkongo kwa ndani, setilaiti, ramani ya njia ya kimbunga. Hizo zibandike darasani zikae mwaka mzima, ndizo "kitabu" chako. Rimu ya karatasi, kalamu nyeusi kumi, rula, raba, gundi. Inayobaki yote iwe ya kopi. Simu ziache. Anza na saa ya Msumbiji, maana haina mtu wa kumtukuza, kisha Kenneth, na panya buku wa Morogoro wakae katikati ya muhula wakati watoto wamechoka. Daraja la Umoja pale Mtambaswala ningelisogeza mwisho: mita 720, lilifunguliwa 2010, wazo ni la Nyerere na Samora Machel la mwaka 1975, na serikali mbili ndizo zilizolipa. Waulize miaka 35 hiyo ilikuwa na nini ndani yake. Usiwaache wachore viongozi wakikata utepe.

Bango la mikongo ya 2024 sijalibandika bado. Wachoraji wake wawili wanabishana kama meli ya kuunganisha mkongo iingie kwenye picha ya tatu au ya nne, na hadi jana jioni kila mmoja alikuwa ameondoka na kipande chake cha A4.